Nguzo ya Alhamisi

"Samahani kaka, hiyo chaja niliishika mimi kwanza."

"Dada yangu, wewe umeshika waya. Mimi nimeshika chaja yenyewe."

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa limefurika mchana ule. Watu walisukumana mbele ya kaunta kama vile vitu vinagawiwa bure. Dada alivaa gauni la kijani lililomkaa vyema kiunoni, na viatu vya visigino alivyovijutia tangu asubuhi. Kaka alikuwa na shati jeupe lililokunjwa mikono, na mguu wake mmoja haukuacha kugonga sakafu. Chaja ilikuwa ya mwisho.

Mwenye duka aliinua shingo. "Hebu sema tena! Wewe si Mtuliza wa redio?"

Foleni nzima iligeuka. Kumbe ndiye, mtangazaji wa kipindi cha jioni ambaye watu walimpigia simu kumwambia yaliyowakaba rohoni, naye akawasikiliza mpaka wapoe. Waliomjua kwa karibu walilicheka jina hilo, maana mwenyewe hakuwahi kukaa kitini mpaka chai ikapoa.

"Haya, Mtuliza, nitulize na mimi," dada alisema bila kuachia waya. "Kesho naanza kazi mpya na kompyuta yangu imezima."

"Kazi wapi?"

Alipotaja, kijana alicheka mpaka chaja ikamponyoka. Ilikuwa redio ileile.

Kazi yenyewe ilikuwa takwimu. Kila ujumbe na kila simu ya msikilizaji iliingizwa kwenye kompyuta: kipindi gani, siku gani, mwezi gani. Dada alivikusanya katika jedwali moja la muhtasari, akavijumlisha mafungu kwa mafungu, kisha akachora chati ya nguzo za rangi. Pembeni aliweka vitufe vya kuchuja. Ukibonyeza kipindi kimoja, nguzo za vingine zinaondoka. Ukibonyeza mwezi, zinajipanga upya mbele ya macho yako. Mtuliza akambatiza Bi Jumla, na jina likashika jengo zima.

Haikuchukua muda, simu zikaanza.

"Bi Jumla wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekukumbuka tu. Lakini kukumbuka hakushibishi."

"Basi njoo."

"Nikimaliza kipindi. Nisubiri pale kwenye ngazi, tafadhali usiondoke. Nitashuka mbiombio kama mbuzi."

Na kweli alishuka mbiombio. Jioni baada ya jioni alimkuta pale chini, kitambaa cha shingoni kimefungwa upande, wakatembea mtaani wakitaniana mpaka maduka yakafungwa. Alhamisi tu ndiyo hawakuonana. Siku hiyo Bi Jumla alitoka mapema kwenda kwa mama yake, ambaye miguu ilimsumbua, akampikie na kumchana nywele.

Siku moja mama mkurugenzi, mwanamke wa maneno machache na miwani mikubwa, alimwita Bi Jumla ofisini. Kipindi kimoja kingeondolewa. Alitaka chati ya vyote, mwezi kwa mwezi. "Na hili lisitoke humu kabla ya kikao," alisema.

Bi Jumla alijumlisha. Nguzo za kipindi cha jioni zilikuwa zinashuka kila mwezi. Alizima kompyuta, akaiwasha tena. Zilikuwa vilevile.

Jioni ile alitaka kusema. Maneno yalifika mdomoni, yakarudi.

"Una nini leo, mpenzi? Unanishika mkono kama mtu anayevuka barabara."

"Sina kitu. Nimechoka tu."

Wiki iliyofuata wakakusanyika ukumbini. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe. Vipindi vingine vikatoweka ukutani, zikabaki nguzo za Mtuliza peke yake, zikiteremka kuelekea sakafuni. Mtu mmoja akakohoa.

"Wasikilizaji wako wamekwenda wapi?" mkurugenzi aliuliza. "Nakupa mwezi mmoja."

Mtuliza hakuitazama chati. Alimtazama aliyeichora. Wakiwa koridoni akamkabili.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na jana ukacheka na mimi pale kwenye ngazi! Mkono ulionishika ndio ulionichimbia kaburi."

"Sikuchimba, mpenzi. Nimejumlisha tu."

"Usiniite mpenzi mbele za watu ulionianika kwao."

Akaondoka. Bi Jumla alimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, haikuita kabisa. Usingizi ukampaa. Kazini alifungua faili na kulifunga bila kusoma. Nyumbani alisogeza kitanda dirishani, kisha akakirudisha. Alhamisi, jikoni kwa mama yake, alisugua sufuria moja mpaka mama akaingilia.

"Mwanangu, hiyo sufuria imekukosea nini?"

"Hapokei simu, mama."

"Basi iache, uje ukae."

"Kukaa ndiko kunakonishinda."

Jumamosi, jengo likiwa tupu, mlango wa ofisi yake ulisukumwa bila hodi. Mtuliza alisimama pale, shati halijapigwa pasi, ndevu zimeota ovyo.

"Nimekuja kikazi," alisema.

"Karibu kikazi. Kiti hicho."

"Nitasimama. Hiyo chati yako ina kosa. Mkurugenzi kasema nije nimwonyeshe aliyeitengeneza."

"Nionyeshe."

Akainama juu ya kompyuta, akabonyeza huku na huku kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Nguzo zikaja, zikaenda. Kosa halikuonekana.

"Mbona ni miezi tu? Siku hazimo?"

"Zimo. Mkurugenzi aliomba miezi. Bonyeza hapo." Bi Jumla mwenyewe hakuwahi kubonyeza, maana tangu kikao kile hakuwa na moyo wa kukifungua kipindi cha jioni.

Nguzo zikagawanyika kwa siku. Jumatatu ilikuwa fupi kama kisiki. Jumanne vivyo hivyo. Katikati ya visiki hivyo Alhamisi ilisimama peke yake, ndefu.

"Alhamisi kuna nini?" Bi Jumla aliuliza.

Mtuliza alirudi kwenye miezi ya zamani: siku zote zilikuwa ndefu. Akaja mwezi waliojuana: zote zimelala, isipokuwa Alhamisi. Akavuta kiti, akakaa.

"Alhamisi," alisema polepole, "hakuna mtu ananisubiri kwenye ngazi."

"Sijakuelewa."

"Siku nyingine jicho langu liko kwenye saa. Mama wa watu anapiga simu analia, mimi namwambia pole mama, tupate wimbo. Naunganisha nyimbo, natoka mbio nije kwako. Alhamisi ndiyo nawasikiliza mpaka waseme basi. Nani atapiga simu tena akiharakishwa na kilio chake?"

Bi Jumla alijishika kifua. "Kwa hiyo ni mimi niliyekiua."

"Ni haraka yangu. Halafu nikakubebesha wewe. Nisamehe."

"Umenizimia simu wiki nzima. Unadhani inaisha kwa neno moja?" Akageukia dirishani. "Na mimi ningekwambia. Niliogopa utaniacha, ukaniacha hivyohivyo."

Bi Jumla akafuta macho. "Basi siku za kazi tusionane."

"Thubutu!" Mtuliza alikuwa ameshasimama, anazunguka meza. "Sikiliza. Nakimbia kwa sababu nakujua utaondoka uende kwenu. Lakini kwenu kukiwa kwangu, nikichelewa nitakukuta. Si ndiyo?"

"Unasema nini wewe?"

"Nasema nikuoe."

"Ili kipindi kisife?"

"Kipindi kikifa, kife! Nakutaka hata nikibaki kusoma matangazo ya vifo."

Bi Jumla alicheka na machozi yakimtoka, akachukua simu. "Hilo kamwambie mama. Na ujiandae, yeye hakatizwi."

Mwezi ulipoisha nguzo hazikurudi zote, ila zilianza kupanda, na mkurugenzi akasema tu, "Endelea." Harusi ilifuata, ndogo, ya watu wa karibu.

Siku hizi Bi Jumla hutangulia nyumbani, hufungulia redio, na hafui wala hapiki akamaliza. Hufagia palipofagiliwa. Jioni moja mzee fulani alisimulia habari za mkewe aliyempotea, akarudia pale pale, naye Mtuliza hakumharakisha. Bi Jumla alisimama mbele ya redio, ufagio mkononi.

"Mmalizie basi, mume wangu, uje," aliiambia. Kisha akajirudi. "Hapana. Msikilize."

Akaenda kuwasha taa ya mlangoni.