Kikombe Kimoja cha Soude

Kila asubuhi kabla ya shule nilibeba beseni la sabuni kichwani, kutoka nyumbani kwa mama mdogo Mbambu hadi kwenye meza yake katika soko la Bunia. Nilijua kuzipanga zile sabuni zikavutia. Nilijua kumjibu mteja mkorofi anayesema povu ni kidogo. Nilijua hata kumkatia nusu yule asiyeweza kununua nzima. Kitu kimoja tu sikukijua, nacho ni kuipika sabuni yenyewe.

Mama mdogo alipikia nyuma ya nyumba, mlango wa ua ukiwa umefungwa. Nikisogea tu, nasikia sauti yake.

"Weye Rebecca, rudi nyuma! Hii soude inakula ngozi. Nitakufundisha siku kichwa yako itatulia."

Soude ni ile dawa kali nyeupe inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na kweli inaunguza. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu na kichwa changu nilikiona kimetulia siku nyingi. Siku moja nilichungulia kwenye tundu la mlango. Nikamwona mama mdogo anamimina kikombe kimoja cha soude kwenye ndoo ya maji, kisha anaanza kukoroga. Basi! Nikaondoka nikijiambia kwamba siri yote ninayo.

Mwaka ule bunduki zilikuwa zimenyamaza. Barabara ya kwenda bandari ya Kasenyi ilipitika, na mitumbwi ya injini ilivuka Ziwa Albert kwenda Uganda na kurudi. Watu walianza kupaka nyumba zao rangi, ingawa wengi bado waliacha mfuko wa nguo karibu na mlango, tayari kukimbia. Ndipo Mwalimu Laurent alipoingia darasani na karatasi mkononi. Kanisa letu lilitaka wanafunzi kumi wavuke ziwa wakati wa likizo, wajitolee wiki mbili katika kambi ya wakimbizi kule Uganda. Wakimbizi wenyewe walikuwa watu wa kwetu Ituri, waliokimbia na hawajathubutu kurudi.

Kwenye karatasi kulikuwa na swali moja: Utafundisha nini?

Osée, tuliyekaa naye dawati moja, aliandika kutengeneza baiskeli, na hilo lilikuwa kweli. Mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili kanisani. Mimi nilitamani sana safari ile. Sikuwahi kuvuka ziwa, sikuwahi kuitwa mwalimu na mtu yeyote. Nikaandika: Kupika sabuni.

Osée alichungulia karatasi yangu, akacheka.

"Weye? Sabuni? Si unajua kuiuza tu!"

"Funga domo yako," nikamwambia.

Mwalimu Laurent alifurahi sana. Mahali penye watu wengi na maji machache, alisema, sabuni ni kinga ya magonjwa. Aliniuliza mara moja tu kama najua kweli, nami nikajibu ndiyo. Nilikuwa na wiki tatu nzima za kumwambia ukweli, na kila siku nilisema kesho.

Kambini tulipokewa vizuri mno, hata nikaona aibu. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimefagia uwanja na kutuwekea viti vyote walivyokuwa navyo, wao wenyewe wakakaa chini. Kile kikundi kilikuwa kitu kikubwa pale. Wanakikundi walishikiana zamu ya maji, walilimiana mashamba, walileana watoto. Mtu asiye na kikundi alikuwa peke yake kabisa.

Siku ya sabuni walikuja akina mama kumi na wanne, karibu kila mmoja na kikombe chake kikubwa cha mafuta ya kupikia. Yalikuwa mafuta ya mgao, yale wanayopewa mara moja kwa mwezi. Wa mwisho kufika alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye mvi chache. Hakuwa na kikombe, akaleta mafuta yake katika chupa ya kijani. Jina lake Mama Anastasie. Alikuwa ametoka upande wa Djugu, huko huko Ituri, miezi michache tu iliyopita, na hakuna pale aliyekijua kijiji chake.

"Soude kiasi gani?" Mwalimu Laurent aliniuliza. Yeye ndiye aliyeishika, amevaa glavu ndefu, sisi watoto tumesimama mbali.

"Kikombe kimoja," nikasema bila kusita.

Nilimwona Mama Anastasie akiinua uso na kunitazama. Alifungua mdomo kidogo. Msichana mmoja wa kundi letu akamwambia, "Kaa tu, Mama, tutakuonyesha." Akakaa.

Tukakoroga, akina mama wakaimba, tukamimina kwenye masanduku ya mbao. Niliwaambia kesho yake tutakata vipande. Kesho yake tulikuta uji wa mafuta. Siku ya pili uji ule ule, siku ya tatu nzi wamejaa juu yake. Akina mama walizunguka masanduku wakiyatazama, kisha wakanitazama mimi.

"Mwalimu wetu mudogo," mmoja akauliza kwa upole, "kuko nini?"

Aliniita mwalimu. Ningeweza kusema ukweli pale pale, lakini ulimi ukaenda njia yake.

"Labda ni mafuta. Labda kuna mtu aliyeleta mafuta mabaya."

Hee! Sikujua kama maneno machache yanaweza kukimbia hivyo. Kwa watu waliowahi kukimbizwa na majirani, neno dogo linatosha. Kabla sijameza mate, macho yote yalikuwa kwenye chupa ya kijani.

"Ile chupa uliiosha?"

"Niliiosha," Mama Anastasie alijibu.

"Ilikuwa ya nini mbele? Ya petroli?"

"Na huyu alifika juzi tu. Nani anamujua?"

Yule aliyeniita mwalimu mdogo alikuwa wa kwanza kusema kwamba mtu wa hivyo hafai katika kikundi. Wengine wakaitikia. Mwalimu Laurent alijaribu kuwatuliza, wakamwambia taratibu kwamba ni mambo ya nyumba yao. Mama Anastasie hakubishana. Aliokota chupa yake, akaifuta kwa kitenge, akaondoka.

Nilibaki nimesimama karibu na masanduku. Osée alikuja karibu, na safari hii hakucheka.

"Ile chupa ina kosa gani?"

"Sijui."

"Unajua, Rebecca."

Jua lilikuwa bado juu nilipomkuta Mama Anastasie mbele ya nyumba yake ya udongo, akichambua maharagwe. Nilipiga hodi ingawa hakukuwa na mlango, pazia tu. Alinionyesha kigogo nikae. Akaendelea na maharagwe yake.

"Mama, nimekuja kukuomba..."

"Ngoja," akanikata. "Weye mwenyewe umeshapika sabuni mara ngapi?"

Machozi yalitangulia jibu. "Hata mara moja."

"Nilijua. Mafuta ya wamama kumi na wanne, soude kikombe kimoja! Ile haiko sabuni, mutoto wangu, ile ni supu." Akatupa punje mbovu pembeni. "Nimepika sabuni kule kwetu miaka kumi na tisa. Nilisomesha watoto na sabuni."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Nani aliniuliza? Mulifika hapa na mambo ya kutufundisha siye. Mukaniambia nikae, nikakaa. Na leo ningesema nini? Mugeni akisema mafuta yake iko muzuri, nani atamusadiki?"

Alikung'uta kitenge, akanitazama usoni.

"Sasa utawaambia weye, ao mimi nibaki mwenye chupa chafu?"

Nilitamani aniambie basi, yameisha, rudi ukacheze. Hakusema hivyo. Alisimama, tukaenda wote, yeye mbele na mimi nyuma, na njia ile fupi niliiona ndefu kuliko ziwa.

Akina mama walikuwa bado uwanjani na Mwalimu Laurent. Nilisema yote. Nilisema sijawahi kupika sabuni, kwamba nilidanganya kwenye karatasi ili nipate safari, na kwamba mafuta ya kila mtu yalikuwa mazuri, ya chupa ya kijani pia.

"Mafuta ya watoto wangu ya mwezi muzima!" mama mmoja alipiga kelele, akaweka mikono kichwani. Alikuwa na haki. Afadhali angenichapa kuliko kulia vile.

Mwalimu Laurent akasema, "Kosa ni langu pia. Nilimwuliza mtoto mara moja, nikaridhika kwa sababu nilitaka kuridhika."

Wote walikuwa wameinamisha vichwa. Ni Mama Anastasie aliyekunja mikono ya nguo yake.

"Haijaharibika yote," akasema. "Muniletee sufuria kubwa na kuni. Na ile glavu ya mwalimu."

Ee, ungemwona! Yule mama aliyenyamaza siku zote alikuwa sasa anatoa amri kama mkuu wa shule. Alitia soude kwenye maji, akatufundisha kwamba ni soude inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye soude, maana yataruka usoni. Maji yale aliyaacha yapoe. Halafu akauweka uji wetu motoni, akawa anaongeza maji ya soude kidogo kidogo, anakoroga, anasubiri, anaongeza tena. Mikono ilipomchoka, yule mama aliyekuwa wa kwanza kumkataa alikuja akaupokea mwiko.

"Angalia," Mama Anastasie aliniambia. "Ukivuta mwiko, njia yake inabaki. Sasa imeshika."

Siku mbili baadaye tulikata sabuni nyeupe, ngumu, na povu lake lilijaa viganja. Akina mama walimwomba Mama Anastasie awe fundi wa kikundi. Lakini kwanza yule mama wa mwiko alisimama mbele ya wote, akamwomba msamaha kwa kumtaja jina. Tangu siku hiyo zamu ya maji ya Mama Anastasie haikukosa mtu wa kuishika.

Tulipokuwa tunasubiri mtumbwi wa kurudi, Mwalimu Laurent alitukalisha juu ya mizigo.

"Rebecca alidanganya, na mmeona uongo wake ulivyomwangukia mtu asiye na kosa. Uongo ndivyo ulivyo, humtafuta aliye dhaifu. Lakini na sisi wengine tusijifanye wasafi. Tulivuka ziwa lote hili tumebeba majibu, hatukubeba swali hata moja. Anayetaka kusaidia watu aanze kwa kuwauliza wanajua nini na wanahitaji nini. Na asiyejua aseme sijui. Hakuna aibu hapo." Kisha akatoa ile karatasi mfukoni, akakata kwa kalamu maneno Utafundisha nini? Chini yake akaandika: Utajifunza nini?

Nyumbani Bunia nilimpa mama mdogo Mbambu kipande nilichopewa na Mama Anastasie. Alikinusa, akakikwaruza kwa ukucha.

"Hii ni kazi ya mutu anajua. Nani?"

Nikamweleza kila kitu, na tundu la mlango pia. Nilingoja kelele, hazikuja. Alikaa akikigeuzageuza kile kipande, kisha akainuka na kufungua mlango wa ua.

"Ingia. Chukua kaye na bic. Leo utaangalia na kuandika tu, mukono yako isiguse kitu."

Nikaleta daftari na kalamu. Akavaa glavu zake, akaiweka ndoo ya maji katikati ya ua. Akamimina kikombe cha kwanza cha soude polepole, nikaandika moja. Akamimina cha pili, cha tatu, cha nne, nami nikaandika. Kisha akaanza kukoroga, na kalamu yangu ikasimama. Kile kikombe nilichokiona siku ile kupitia tundu la mlango kilikuwa cha mwisho.

"Kuko nini?" mama mdogo akauliza.

"Hakuna kitu, mama mdogo," nikasema, kisha nikajirekebisha. "Kuna kitu sijui. Nikuulize?"

"Uliza," akasema.