Nguo ya Ngoma

"Dona Benvinda, kwani ngoma nayo huvaa nguo?"

Jirani yangu Jucélia aliniuliza hivyo asubuhi ya Ijumaa. Ni mgeni hapa Salvador, ametoka kusini mwa Brazili. Alinikuta naanika kitambaa cheupe uani, nikamwambia ni cha ngoma.

"Huvaa," nikamjibu. "Na ikivuliwa, wapendanao hugombana. Nishikie vibanio."

Wapendanao wenyewe walikutana soko la São Joaquim, saa za msongamano, mafuta ya mawese yananukia huku, mbuzi wanalia kule. Zuleide, mchoraji, alikuwa na gauni la manjano na kilemba cha buluu. Alikuwa anarudi kinyumenyume akilitazama sufuria kuukuu alilolitaka kwa ajili ya makumbusho aliyokuwa anayaandaa.

"Dada, umekanyaga ngozi yangu."

"Yako au ya mbuzi?"

"Ya mbuzi nimeinunua. Yangu kanyaga bure."

Huyo ndiye Adenilson, mtengeneza ngoma, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Zuleide alicheka hata sufuria likachukuliwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula rangi tu."

"Basi nifungulie mlango, nimeshika samaki."

Zuleide alikusanya vitu vya bibi zetu: pasi za mkaa, sketi za lesi, picha za wafuaji alizozichora mwenyewe. Alikusanya pia vitu vya ibada vya wazee wetu weusi, ambavyo zamani polisi walivipora na kuviita ushetani. Adenilson akamwazima ngoma ya ibada ya marehemu baba yake.

"Ina mkeka wake, haikai sakafuni," alimwambia. "Na nguo yake ni ya kiunoni, fundo mbele. Ukiivua mbele za watu, umemvua mzee."

"Nitaitunza kama macho yangu, Ade."

Mimi ni mtu wa rozari, misa sikosi. Lakini ngoma ile naiheshimu. Iliwafariji wazee wetu hata pale walipoachwa kusali nje ya mlango wa kanisa.

Jumba la makumbusho lilikuwa la Dona Heloísa, tajiri wa Kizungu, aliyempa Zuleide alitumie bila kodi. Alhamisi, kesho yake ndiyo ufunguzi, akaja, marashi yakimtangulia.

"Picha nzuri, kipenzi. Ila hili dubwana la kichawi mlangoni? Wageni wangu wataogopa. Litie stoo."

"Ngoma ndiyo inayokaribisha watu, Dona Heloísa."

"Stoo, au nirudishie funguo zangu kesho."

Akalivuta lile fundo kwa ncha za vidole. Nguo ikadondoka kwenye maji ya kudekia, naye akaikanyaga akitoka.

Zuleide hakuweza kuivalisha ngoma nguo chafu. Akaikimbiza nguo kwangu kuifua, ngoma akaiacha pale pale. Huku nyuma Adenilson akapita na mfuko wa maandazi ya kunde, akaona mlango wazi na ngoma ya baba yake iko uchi.

Simu ikalia uani kwangu. Zuleide akaipokea kwa mikono yenye povu.

"Mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Umemvua baba yangu kwa ajili ya Wazungu wako?"

"Nisikilize, ni huyu mama alisema..."

"Alisema, nawe ukafanya."

Akakata. Zuleide alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Alifua akilia, wala sikumzuia.

Ndipo ikaja hiyo Ijumaa, siku yetu ya kuvaa nyeupe. Sijamaliza kumjibu Jucélia, Adenilson huyo, kavaa nyeupe kuanzia kofia hadi viatu, anakwenda kuichukua ngoma yake. Ukuta wangu ni mfupi. Akaiona nguo kwenye kamba, akasimama.

Nikamweleza yote.

"Kaka, wewe unanuna," Jucélia akadakia, "na dada wa watu vidole vimemchubuka kwa kufua!"

Adenilson akakalia ndoo yangu iliyopinduliwa. "Mimi mpumbavu, Dona Benvinda."

"Leo Ijumaa, sibishani na mtu. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Ngoja niipige pasi."

Tulipofika makumbusho, ukumbi ulikuwa umejaa watu. Adenilson akapiga magoti kwenye mkeka, akaizungushia ngoma nguo yake.

"Fundo mbele?" akauliza bila kuinua macho.

"Mbele," Zuleide akasema. "Ulizima simu, Ade."

"Nisamehe. Sitaizima tena."

"Nilisema stoo!" Dona Heloísa alikuwa mlangoni.

Adenilson akainuka. "Zuleide, karakana yangu iko hapo ng'ambo ya barabara. Mlango mpana. Ngoma itaenea, picha zitaenea, na kitanda cha wawili kitaenea."

"Unaniposa au unanipangisha?"

"Nakuposa. Kodi hutalipa."

Watu wakaangua kicheko, hata mimi. Zuleide akafuta machozi kwa kiganja. "Basi tangulia na mzee," akasema.

Adenilson akaibeba ngoma kifuani. Jucélia akabeba mkeka, mimi pasi ya mkaa, na kila mgeni akachukua picha iliyokuwa karibu naye. Ukuta ukabaki na misumari. Zuleide akaziweka funguo kiganjani mwa Dona Heloísa, akamkunja vidole juu ya funguo polepole, kama anayempa mtoto peremende, akatoka kuifuata ngoma.