Bega la Kushoto

Mama mdogo Ottilie alikuwa mnong'onezi. Hapa Vienna hiyo ni kazi ya heshima: unakaa ndani ya kishimo mbele ya jukwaa, kichwa tu ndicho kimechomoza chini ya kifuniko, watazamaji hawakuoni, na waimbaji unawanong'oneza kila mstari kabla zamu yake haijafika. Jumba lake la opera lilikuwa nyuma ya soko la maua, jumba la zamani lililowahi kuungua na watu ndani yake, likajengwa upya palepale. Watu wa mjini huliongelea macho yamefumbwa nusu, kama wako kanisani. Mimi nilisoma kemia. Kwangu lilikuwa jumba lenye viti vinavyoumiza mgongo.

Jumapili ile tulikunywa supu ya matonge ya maini, kama kila Jumapili. Onyesho lilikuwa la alasiri. Mama mdogo hakutulia kitini. Mwimbaji mkuu alikuwa ameamka na homa, na nafasi yake alipewa Roswitha, binti wa jirani yetu wa ghorofa ya chini, ambaye siku zote alikuwa akiimba mstari wa nyuma wa kwaya.

"Akiimba vizuri leo, wanampa mkataba," alisema. "Akiharibu, anarudi kwenye kwaya, nyuma ya mgongo wa yule mwimbaji mnene, na huko hatoki tena."

"Basi mtakie heri."

"Nyamaza wewe. Hayo hayasemwi mezani."

Hayasemwi mezani kwa sababu yana mahali pake. Kabla pazia halijafunguliwa, wenzake hupita mmoja mmoja nyuma ya mwimbaji, wakimtemea mate ya uongo juu ya bega la kushoto: ptu, ptu, ptu. Ni kinga. Na anayetemewa hasemi asante. Kamwe. Ukishukuru umepokea, na hujui umepokea nini. Nimewaona watu wenye shahada tatu, wanaocheka habari za mizimu, wakiumauma midomo wasije wakashukuru.

Niliingia na mama mdogo kwa mlango wa wafanyakazi, nimembebea mto wake wa kukalia. Roswitha alikuwa amesimama pembeni mwa jukwaa, uso mweupe kama unga. Wenzake wakapita. Ptu, ptu, ptu. Yule mnene akatema mate ya kweli, kwa wivu nadhani. Roswitha kimya, macho chini, vizuri kabisa.

Wakaisha. Tukabaki watatu, Roswitha akaegemea ukuta.

Ndipo Roswitha akageuza shingo kidogo kushoto, akatabasamu, akasema, "Asante sana, mama."

Mama mdogo akanishika mkono. Kucha zake ziliingia.

"Umemshukuru nani?" alinong'ona.

"Si huyo mama aliyenitemea sasa hivi? Pumzi yake ina joto." Akageuka. "Ameenda wapi?"

Nyuma yake palikuwa na ukuta. Kati ya ukuta na mgongo wake hapakutosha hata kupitisha kiganja. Kwenye bega la gauni, upande wa kushoto, palikuwa na doa la maji.

Mama mdogo alimkimbilia Bwana Zwettler, msimamizi wa jukwaa.

"Usifungue pazia. Binti ameshukuru."

"Mama Ottilie, ukumbi umejaa. Nikawatangazie nini, kwamba binti ana adabu?"

"Zwettler!"

"Shuka shimoni kwako, mama. Leo supu yako ilikuwa na divai."

Akashuka. Mimi nikabaki pembeni, na mto mkononi. Alikuwa ameusahau.

Pazia likafunguka. Roswitha akaimba, na ukumbi mzima ukaacha kukohoa. Kwa Vienna huo ni muujiza. Sauti ile ilikuwa nzito, pana, ya mwanamke mzima aliyezika watoto. Mzee mmoja gizani alisikika akilia waziwazi. Nikajisemea, basi, mkataba ameupata.

Kisha nikamtazama mama mdogo. Hakuwa ananong'ona. Alikuwa anatazama mdomo wa Roswitha.

Nami nikatazama.

Mdomo ulikuwa umefungwa.

Wimbo uliendelea. Midomo imebana. Watazamaji walikuwa mbali, kwenye giza. Sisi wawili tulikuwa karibu. Koo la Roswitha lilipanda na kushuka kama la mtu anayemeza kitu kikubwa. Machozi yalimtiririka. Macho yake yalimwomba mama mdogo mstari. Mstari wowote.

Mama mdogo akageuza kichwa. Kushoto. Akatazama juu ya bega lake mwenyewe, ndani ya kile kishimo chenye nafasi ya mtu mmoja.

"Mwache mtoto," alisema. "Nitemee mimi."

Akasubiri. Nikaona nywele zake zikipeperuka sikioni.

"Asante," akasema.

Sauti ikakatika katikati ya neno. Bwana Zwettler akashusha pazia la chuma, lile la kuzuia moto.

Sehemu ya pili Roswitha aliimba kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba kidogo, lakini yake. Mkataba alipewa. Magazeti yalisifu sehemu ya kwanza.

Mama mdogo hakusema tena hata neno. Madaktari walichungulia koo, wakalisifu. Tuliendelea na supu yetu ya Jumapili, yeye upande wake wa meza, midomo imefungwa. Na chumbani kwake, nyuma ya mlango uliofungwa, mwanamke alikuwa akiimba. Mama mdogo alikuwa akiniongezea tonge la maini, makusudi, nisisimame kwenda kutazama.

Tulimzika mwezi wa pili. Koti lake nililikuta kabatini, bega la kushoto limelowa. Nililianika juu ya jiko la joto. Halikukauka. Nilipeleka kipande maabara, nikapima, nikapima tena. Mate. Ya binadamu.

Jumapili iliyopita nilikuwa mlangoni, nimevaa koti langu, nafunga kamba za viatu. Pumzi yenye joto ikanigusa sikio la kushoto.

Ptu. Ptu. Ptu.

Mimi nimelelewa Vienna. Hapa mtoto hufundishwa kushukuru kabla hajafundishwa kutembea. Neno hutoka lenyewe. Nikauma ulimi. Nikauma hadi nikaonja damu.

Nililivua koti langu, na bado limening'inia mlangoni. Bega la kushoto linadondosha maji sakafuni, polepole, kama mtu anayengoja jibu.