Hukumu Isiyokuwapo

Ndugu zangu, msije mkasema sikuwaonya. Haya yalitokea kwa jirani zangu, nje kidogo ya Kasulu.

Asubuhi moja ya kiangazi Esteri alikuwa uani akianika maharage, binti zake wakipukuchua mahindi huku wakicheka. Mumewe, Anania, alikuwa Manyovu kwenye biashara zake. Simu ikaita.

"Hapa ni wakili Majaliwa. Mahakama imetoa hukumu. Nyumba ni ya mke mdogo. Una siku saba uhame."

"Mbona sikuitwa, mheshimiwa?"

"Uliitwa, hukuja. Ukikaidi utatolewa na polisi."

Uongo mtupu! Hata kesi haikuwa imefunguliwa.

Mke mdogo ni Veronica, aliyepangishiwa chumba mjini. Wivu ulikuwa umemla mpaka akakonda. Akisikia Anania kalala kwa Esteri siku tatu, chakula hakipiti kooni. Na mimi sijifanyi mtakatifu, nyumba ile niliionea kijicho. Lakini Veronica alikwenda kwa wakili.

"Mukeba wangu, huyo mke mwenzangu, yuko kwenye nyumba ya matofali, mimi nimebanwa chumbani. Nataka atoke!"

Majaliwa alijua kesi hiyo haina miguu, kwa kuwa Esteri na mumewe walijenga pamoja. Hakumwambia Veronica hilo, akaona simu moja itamaliza kazi. Mtu aliyesomea sheria, jamani!

Na sisi huku, tukisikia neno mahakama, hatuulizi karatasi. Esteri hakuuliza, na Anania hakumpata kwenye simu. Siku ya tatu aliezua mabati, aliyoyanunua mwenyewe kwa maharage yake, akayapakia kwenye lori na kwenda na binti zake kwa kaka yake Kibondo.

Veronica akahamia na godoro lake kwenye nyumba isiyo na paa.

Njia ya mwongo ni fupi. Kaka yake Esteri alikwenda mahakamani kuomba nakala ya hukumu. Karani akapekua daftari lote, hakuona kitu. Malalamiko yakapelekwa kwenye kamati ya maadili ya mawakili, na baadaye Majaliwa akafutwa uwakili.

Anania aliporudi kutoka Manyovu na kusikia habari hizi, alimuuliza Veronica, "Hukumu iko wapi?" Veronica akalia, akasema yote. Anania akaenda Kibondo kumwomba Esteri arudi.

"Nimeshaezeka huku," Esteri akamjibu. Basi Anania akabaki hukohuko.

Juzi nilimpelekea Veronica chumvi. Anaishi chini ya turubai ndani ya zile kuta. Nilidhani atauliza habari za mumewe.

"Eti Esteri kajenga vyumba vingapi?" akaniuliza.

FUNZO

Wakili ana haki ya kumpigania mteja wake kwa nguvu zote, lakini hana ruhusa ya kumdanganya mtu wa upande wa pili, hasa asiye na wakili wake. Nawe ukiambiwa umehukumiwa, kaulize kwa karani kabla hujagusa hata msumari. Na mwenye wivu ajue kwamba wakili anayekubali kumdanganyia mwenzake amekwisha kumdanganya na yeye.