Kengele ya Mzee Mdoe

Mimi hukimbia hata paka akikohoa, kwa hiyo haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Muhidini, mwaka ule tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa.

Baba yake, marehemu Mdoe, alikuwa mgonga kengele wa stesheni moja ndogo huko Korogwe. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa. Kila treni ya jioni ilipokuja aliigonga, kisha akarudi nyumbani kula. Alipokufa waligonga wengine, na mkewe, Bi Hamisa, akaendelea kula kwa mlio huo. Stesheni ikafungwa, wakahamishwa, mama akaacha kula.

"Mama, utakufa na njaa."

"Baba yako hajatoka kazini. Nile na nani?"

Muhidini akaenda kukifuata kile chuma, akarudi nacho kwenye baiskeli. Mwenyekiti wa kijiji akamtania, "Mwenzetu kaleta stesheni! Treni lini?"

Giza la magharibi likiingia, alikining'iniza mbele ya mlango wa mama, akagonga. Hakikulia. Akagonga kwa nguvu zote, ikawa kama anapiga mgomba.

Ndipo mlio ukasikika kule mbali, kwenye stesheni waliyoiacha, ule ule wa taratibu. Chuma mbele yake kilikuwa kimetulia tuli.

"Songa ugali, mwanangu," mama akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wahame. "Anakuja."

Muhidini akawasha moto. Mlio wa pili ulitokea ng'ambo ya mto. Wa tatu ulitokea upande wa huku.