Kasi ya Kobe

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote pale dukani kwangu. Nilikuwa nakung'uta makombo ya biskuti kutoka ndani ya printa ya mteja mmoja ambaye huapa kwamba yeye haigusi hata kwa kidole, ndipo dada yangu alipoingia amekumbatia kompyuta ya zamani, imefungwa kwa shuka la kitoto. Nililitambua shuka kabla ya kuitambua kompyuta. Lilikuwa la mwanawe.

"Imegoma kuwaka," alisema. "Mdogo wangu, usiniambie haitengenezeki."

Kwa kawaida ningemtania. Kompyuta ile ilikuwa rika moja na ndoa yake, na ndoa yenyewe ilishazima zamani. Lakini utani ulinikaukia mdomoni. Mwanawe tulimzika mvua zikianza, na mvua zilikuwa bado hazijakatika.

Tulimwita Kobe. Jina alijipa mwenyewe. Alizaliwa na ugonjwa wa kulegea misuli, na ugonjwa ukawa unamnyang'anya kidogo kidogo: kwanza ngazi, halafu miguu, halafu vidole. Mwishoni alikuwa akibonyeza vitufe kwa kifundo cha kidole, kwenye ukingo wa chini wa kitufe, kwa sababu ncha za vidole zilishaishiwa nguvu. Mdomo wake tu ndio haukulegea. "Mjomba, kobe hachelewi," alikuwa akiniambia. "Ni nyinyi mnaowahi."

Yeye na mama yake walikuwa na gemu moja waliyoipenda. Watu wawili wadogo, mmoja mwekundu na mmoja wa bluu, wanavuka pango lililojaa mashimo mpaka kwenye mlango wa mwisho. Mbele ya mlango kuna mawe mawili, na haufunguki mpaka wote wawili wasimame juu yake kwa pamoja. Dada alikuwa mwekundu, Kobe wa bluu. Hawakuwahi kufika. Kompyuta yao ilikuwa na kitufe usoni cha kupunguza kasi, na dada alikibonyeza kila walipocheza ili mwanawe aweze kumfuata. Kobe hakupenda. "Mama, rudisha kasi. Wewe nenda tu, usinisubiri." Mkono wake haukufika kwenye kile kitufe, na dada alijifanya hasikii.

"Nataka niufikie ule mlango," dada aliniambia pale dukani. "Kwa ajili yake. Halafu nipumzike."

Kompyuta ilikuwa imekufa kweli, ila diski yake ilisomeka. Niliihamisha ile gemu kwenye laptopu, ndani ya programu inayoigiza mashine za zamani, nikanunua na kibodi mpya iliyokuwa bado kwenye nailoni yake. Tatizo lilikuwa kasi. Gemu za enzi zile hazikuwa na saa ya kujipimia kasi. Zilikwenda kadiri mashine ilivyozisukuma, na mashine ya leo inasukuma kama kichaa. Mara ya kwanza wale watu wawili walitumbukia shimoni hata sijakaa vizuri kwenye kiti. Nikapunguza, nikasikiliza muziki wake, nikalinganisha na video za watu waliocheza kwenye mashine halisi, nikaongeza kidogo, nikapunguza tena. Mpaka ikakaa sawasawa. Nikaona fahari, siwezi kudanganya.

Nilimpelekea nyumbani alasiri moja. Sebule ilikuwa vilevile: feni ya dari, pazia la kijani, kiti cha Kobe upande wa kushoto wa meza. Nilimwonyesha vitufe viwili vilivyo juu kabisa kwenye kibodi, upande wa kulia. Cha mwisho kinaongeza kasi, jirani yake kinapunguza. Akatazama gemu ikicheza, akatikisa kichwa.

"Siyo hii."

"Dada, ndiyo kasi yake halisi. Nimeipima."

"Hiyo ni ya waliotengeneza. Siyo ya kwetu."

Akabonyeza kile cha kupunguza. Akabonyeza tena. Na tena. Muziki ukawa mzito, ukajikokota. Nilitaka kumwambia ameshaiharibu. Ndipo akamsogeza mtu wake mwekundu hatua moja.

Yule wa bluu akamfuata.

Nilicheka kidogo. Nikasema kitufe kimenasa, vitu vipya siku hizi havina maana. Nikainama kuangalia. Mikono yote miwili ya dada ilikuwa upande wa kulia wa kibodi. Upande wa kushoto hapakuwa na mkono wa mtu. Vitufe vya Kobe vilikuwa vinashuka na kupanda vyenyewe, polepole.

"Usiseme kitu," dada alininong'oneza. "Utamshtua."

Nilikwenda jikoni, nikachemsha chai, nikamwekea kikombe pembeni yake kwa sababu ilionekana hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Kisha nikaondoka kama mwoga. Niseme tu ukweli, nilikimbia.

Niliporudi wiki iliyofuata, alikuwa amekaa palepale. Kikombe kilikuwa palepale. Kilikuwa bado kinatoa moshi.

Nilikishika nikitegemea ni chai mpya. Lakini ufa mdogo wa kikombe, niliouona siku ile nikimimina, ulikuwa umeelekea upande uleule, na kijiko kilikuwa kimeegemea vilevile nilivyokiacha. Maji ya bomba jikoni yalidondoka tone moja. Nikasubiri la pili mpaka nikachoka.

"Anachoka," dada alinong'ona, macho hayatoki kwenye skrini. Sauti yake ilikuwa inavutika. "Mashimo ya huku ni mapana. Lazima nimpunguzie."

Akapunguza. Feni ya dari ikapunguza pia.

Nilimsihi alale, ale, atoke nje apigwe na jua. Alinijibu neno moja, na neno hilo lilichukua muda mrefu kuisha: "Kidogo." Nilipofika dukani, saa yangu ilikuwa nyuma ya saa ya ukutani kwa saa sita. Yule mteja wa printa alikuwa mlangoni, amevimba kwa hasira. Kwangu mimi nilikuwa nimetoka mara moja tu.

Mara ya mwisho nilikwenda mchana wa jua kali. Watu walipita barabarani, redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele. Nilipovuka kizingiti, kelele ikakatika.

Upepo ulikuwa umelipeperusha pazia. Halikushuka. Lilibaki limetanda hewani.

Mapanga ya feni yalionekana moja moja. Dada alikuwa anapepesa macho. Niliyaona yakifumba. Nikangoja yafumbuke.

Kwenye skrini, mtu mwekundu alikuwa amesimama juu ya jiwe lake. Yule wa bluu alikuwa kwenye ukingo wa shimo la mwisho, amebakiza kuruka tu. Mlango ulikuwa mbele yao. Ulikuwa umeanza kupata mwanga kwa pembeni.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anamrudisha mtoto. Alikuwa anamfuata.

"Dada," nilisema, na ulimi wangu ulikuwa mzito. "Ukiufungua huo mlango, hutarudi."

"Na... ju... a."

Alitabasamu. Tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu msiba. Mungu anisamehe, kwa kitambo nilitaka kumwachia.

Kisha nikanyoosha mkono kuelekea kitufe cha mwisho, kile cha kuongeza. Mkono haukwenda. Niliutazama ukielea hewani kama si wangu. Wa bluu akakunja magoti. Akaruka. Sikuwa nimefika hata nusu ya meza.

Tak.

Muziki ukaamka. Tak. Tak. Tak. Feni ikavuma. Pazia likaanguka. Kasi ikapanda mpaka ile niliyoipima mimi, kasi ya wenyewe waliotengeneza, na yule wa bluu hakuiweza. Alitua kwenye ukingo wa jiwe lake, akayumba, akachelewa kujishika. Akatumbukia.

Mlango ukawa giza. Vitufe vya kushoto vikatulia. Chai ilikuwa baridi, imefanya utando.

"Umebonyeza!" dada alipiga yowe. "Alikuwa ameshafika! Umebonyeza!"

"Sikubonyeza, dada. Mkono wangu haukufika."

"Muongo!" Alinipiga ngumi za kifua, mikono imekonda kama vijiti, na mimi nikazipokea zote. Msibani hakuwa amelia hivi. Alilia mpaka sauti ikakauka, akaniambia nichukue takataka zangu nitoke, na nisimwite dada tena.

Nikatoka. Nikakaa na huo uchungu muda mrefu. Nilipiga simu, hakupokea. Nilimpelekea chakula, nikakikuta mlangoni.

Kibodi niliyotoka nayo ilikaa kwenye rafu dukani mpaka asubuhi moja nilipoishusha niifute vumbi. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vitufe vya Kobe vilikuwa vimelika kwenye ukingo wa chini, herufi zake zimefutika kabisa, kama vya kibodi yao ya zamani iliyotumika miaka. Kile cha kupunguza kasi, alichokibonyeza dada siku zote kwa ncha ya kidole, kilikuwa kinang'aa upya wake.

Kile cha mwisho, cha kuongeza, kilikuwa kimelika pia. Kwenye ukingo wa chini.

Sikupiga simu. Nilikwenda nayo, nikabisha mpaka akafungua, nikaiweka mezani, nikamwonyesha kile kitufe cha mwisho. Dada akainama juu yake. Akakunja kidole chake, akakiweka kifundo pale palipolika. Kilikaa sawasawa.

"Huku mkono wake ulikuwa haufiki," alisema. Kisha akavuta kiti cha Kobe, akanikalisha hapo, akaniegemea begani, na tukalia wote wawili.