Simu za Kila Ijumaa

Baba aliingiza mkono nyuma ya kabati la nguo, akapapasa, akawasha taa. Balaa lilianza kwa jambo dogo kama hilo. Swichi ile haionekani. Hata Dobi, mwenye chumba, alipohamia ilimchukua siku mbili kuigundua. Na mzee huyu ndiyo kwanza anatua mabegi, katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

"Umejuaje, Baba?"

"Ama kweli uzee umekuwahi! Si ulituambia mwenyewe kwenye simu?"

Simu gani? Swali lilimfika Dobi mdomoni, akalimeza.

Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa: miaka saba Dobi hakuwapigia wazazi wake simu hata moja. Alitoka kwao akiagwa kama mhandisi mtarajiwa. Masomo yakamshinda mwaka wa kwanza, akaishia kupiga pasi mashuka kwenye chumba cha chini cha hoteli. Aibu ikamziba mdomo. Akabadili namba, akajiambia mwezi ujao, na mwezi ujao ukazaa miaka. Leo kafungua mlango, kawakuta wamesimama na mizigo, wanacheka, wanasema, "Ulituita, tumekuja."

"Simu zako za kila Ijumaa, mwanangu," Mama alisema akimshika mashavu, "ndizo zilizotuweka hai. Mungu akulipe."

Hapo ndipo angesema. Hapo hapo! Lakini dua ya mama unaikataaje? Akainamisha kichwa, akaitika, "Amina, Mama," akapokea asante isiyo yake.

Akaomba likizo ya siku nne, akakodi gari, awatembeze mji na viunga vyake. Kichekesho ni kwamba mji wenyewe hakuujua. Njia yake ilikuwa moja, kitandani hadi kwenye pasi. Basi mgeni akawa anaongozwa na wageni. Kwenye mnara wa saa Mama alimvuta mkono: "Ruka ngazi ya tisa, ina ufa, si ulituambia?" Dobi akaitazama. Ilikuwa na ufa. Ng'ambo ya daraja la chuma Baba akakata kushoto bila kuuliza, hadi kwenye kibanda cha muuza kofia, na muuza kofia akampungia Dobi mkono kama anavyopungiwa mteja wa siku zote.

Siku ya tatu, wakielekea ziwani nje ya mji, gari lilijaa harufu ya mashuka mabichi yanayopigwa pasi. Dobi aliijua, ndiyo harufu yake, haimtoki hata ajisugue vipi. Lakini siku tatu hakugusa pasi, na harufu ilitoka kiti cha nyuma, upande ambao Mama hakukaa.

"Karibu tena!" mwenye mashua alimlaki. "Leo umewaleta wazee?"

"Mimi? Sijawahi kufika hapa."

"Acha utani, bwana. Jana tu ulikaa pale mbele."

Dobi akaketi mkiani mwa mashua. Maji yalikuwa kimya na jua lilikuwa kali. Mama akamwinamia sikioni.

"Siku dada yako alipofariki," alinong'ona, "kama usingekaa nasi kwenye simu mpaka kukakucha, ukilia nasi, baba yako tungemzika wiki ile ile."

Dada yake. Dada aliyembeba mgongoni, aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, amekufa, na yeye hajui lini wala kwa nini wala amelazwa wapi, na hawezi kuuliza hata moja, hawezi kudondosha hata chozi, kwa sababu kilio hicho kimeshaliwa na kitu kingine kwa sauti yake, na mama yake alifarijika, na asiyekuwepo na lake halipo.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Tumebaki wawili."

"Ndiyo, Mama," alisema. "Tangulieni. Nitawafuata."

Nyuma ya shingo yake, palipokuwa na maji matupu, mvuke wa moto ulimpuliza taratibu, kama pumzi ya mtu aliyengoja ruhusa kwa muda mrefu.

Kwenye uwanja wa ndege, uchungu ulimshinda.

"Mama, si mimi niliyekuwa napiga. Wallahi si mimi! Dada nimesikia habari zake kwako, juzi, kwenye mashua."

Wazazi wakatazamana. Baba akampigapiga bega kwa huruma.

"Ulituambia utasema hivyo. Kwamba siku ya kuagana utaingiwa na haya, utakana kila kitu, tusikusikilize."

Wakapita. Kupitia kioo cha mlango wa abiria Dobi aliwaona migongo: Baba, Mama, na katikati yao mtu aliyewabebea mabegi, amevaa shati lile lile ambalo Dobi alikuwa nalo mwilini.

Ijumaa iliyofuata akapiga nyumbani. Namba hakuisahau hata siku moja. Alikuwa haipigi tu.

"Nani mwenzangu?" Mama aliuliza.

"Mimi, Mama. Mwanao."

Upande wa pili wa simu ilisikika pasi ikifuka mvuke juu ya nguo.

"Mwanangu yuko hapa, ananipigia pasi," Mama alisema polepole. "Wewe nani?"

Ikajibu sauti ya Dobi mwenyewe, kwa upole, kutoka sebuleni kwao.

"Ndiye yule niliyekwambia atapiga. Kata, Mama."

Mama akakata.